Isale Mlangoni kwa Bwana Komba

Marangu, 3 Juni 1973

Kwako mpwa wangu Dafroza, msomi wa kemia, tegemeo la ukoo na jeuri yangu mimi binafsi,

Salamu nyingi kama mvua ya mwezi uliopita, ambayo imeangusha migomba ya mama yako na kuniachia mimi kazi ya kuitegemeza. Sisi wazima. Dada yangu Anyesi, yaani mama yako, anakohoa kidogo lakini nguvu za kunigombeza bado anazo. Ng'ombe amezaa ndama jike, tumemwita Kemia kwa heshima yako. Mama yako alitaka jina la kawaida. Nikamwambia, dada, huu ni wakati wa sayansi.

Mimi nimeshuka mlimani juzi. Safari hii niliwapikia Wajerumani. Mmoja alitapika tangu kibanda cha pili, nikampa mtori, supu yetu ya ndizi, akasimama kama askari. Akaniuliza upishi nimesomea wapi. Nikamjibu kwa Kiingereza chake kwamba nimesomea Chuo Kikuu cha Mlimani. Ameandika kwenye kijitabu chake, na mimi sikumsahihisha.

Sasa neno lenyewe. Tangu Pasaka hujaandika. Kila Jumapili katekista anapogawa barua baada ya misa mimi nasimama mbele kabisa, na kila Jumapili narudi mikono mitupu, watu wananitazama kama mtu aliyekosa posa. Mitihani imekwendaje? Usiogope mtihani. Mimi niliishia darasa la nne, na si kwa kukosa akili, ila mwalimu alikosa uvumilivu. Kama kuna mtu anakusumbua huko, niandikie jina lake tu. Mengine niachie.

Mjomba wako,
Evaristo, mpishi wa mataifa


Dar es Salaam, 24 Juni 1973

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta chini ya mlima, si juu yake. Mpe mama shikamoo yangu, mwambie dawa ya kifua nitamletea mwenyewe. Habari ya ndama nimewasomea wenzangu, na sasa bweni zima linaniita mama Kemia. Ahsante sana.

Nilinyamaza kwa sababu ya mitihani. Huku maisha ni maharage, joto na kusukumana. Bomba linatoa maji alfajiri tu, kwa hiyo unaamka kupanga ndoo, kisha unakaa na daftari kwenye ngazi, maana viti vya maktaba wavulana wameshavikalia. Wasichana tulikuwa watatu darasa zima. Siku ya mtihani wa vitendo msimamizi akasema wasichana mtafanya mwisho. Zamu yetu ilipofika gesi ilikuwa imekwisha. Tukasubiri mtungi mwingine tumesimama, halafu muda wetu ukapunguzwa kana kwamba gesi tuliinywa sisi. Nilifanya hivyo hivyo. Nimefaulu, Mjomba. Nimefaulu vizuri.

Usimwandikie Mkuu wa Chuo. Najua umeshatafuta kalamu. Nilipokuwa sekondari ulimwandikia Sista Mkuu kuhusu maharage yenye wadudu, na aliyeosha sufuria muhula mzima nilikuwa mimi, si wewe.

Nimepangiwa miezi sita ya mafunzo ya kazi katika maabara ya kiwanda cha sukari, hapo kwetu tambarare, chini ya Moshi. Mwishoni mkuu wa maabara ataandika tathmini. Akiandika kwamba kazi naiweza, napewa cheti. Akiandika siiwezi, miaka yangu mitatu imekwenda na maji.

Dafroza


Marangu, 15 Julai 1973

Mpwa wangu Dafroza,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imesomwa hapa nyumbani, imesomwa kwa jirani, imesomwa kilabuni. Mama yako alilia kidogo kisha akachinja kuku, kuku mwenyewe mzee, lakini nia ilikuwa njema. Kemia ananyonya vizuri na ana kiburi kama wewe.

Habari ya gesi niliisoma mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama. Mtoto wa Anyesi asubiri mtungi kama anayesubiri kinyozi? Huyo msimamizi ana bahati mlima uko mbali na bahari. Sikumwandikia Mkuu wa Chuo. Nilianza tu, na ilipofika ukurasa wa nne mama yako akaichukua akawashia jiko.

Kilabuni nimetangaza kwamba kuanzia sasa sukari yote ya nchi hii haitoki mpaka Dafroza aionje. Watu wameshaanza kuniomba niwapatie kilo mbili tatu. Nimewaambia tutaona.

Nakutumia ndizi na dereva Aminieli, yule wa lori la kahawa, atazishusha getini kwenu. Niandikie unapima nini na mkubwa wako ni mtu wa namna gani. Mimi mtu namjua kwa maneno matatu tu.

Evaristo


Kiwandani, 12 Agosti 1973

Mjomba, shikamoo.

Ndizi zimefika, zile za chini zimepondeka lakini tumezila. Napanga chumba na dada mmoja wa Kigoma. Huku ni watu wa kila mkoa, wa Singida, wa Songea, kila nyumba ina kabila lake na mboga yake. Majivu ya miwa yanaanguka kwenye nguo zilizoanikwa kama theluji nyeusi. Asubuhi, kabla vumbi halijaamka, mlima unauona wote, na mimi huangalia upande wa Marangu. Mama kifua chake vipi?

Kazi ni nzuri. Mkuu wa maabara anaitwa Bwana Wenseslaus Komba, mtu wa Songea, amehamia huku mwaka huu huu. Ni mchapakazi. Hachelewi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini umeniuliza napima nini. Napima majani ya chai, Mjomba. Tangu nimefika nachemsha chai ya asubuhi, ya saa nne na ya alasiri, naosha vikombe, nafagia. Mtambo wa kupimia utamu wa maji ya miwa nimeushika mara moja tu, kuupangusa vumbi. Nilipoomba zamu, Bwana Komba alisema kitu kile kimetoka ng'ambo, na mikono ya wasichana ni ya kuvunja. Basili, mvulana tuliyetoka naye chuoni, aliwekwa kwenye mtambo siku ya kwanza. Ananifuata jikoni kwa siri kuniuliza namna ya kuusoma.

Usimwambie mama. Na usije. Narudia ili usiseme hukuona: usije.

Dafroza


Marangu, 22 Agosti 1973

Dafroza,

Sisi wazima, mama yako mzima, ng'ombe wazima, tuyaache hayo.

Chai? Umekalia ngazi, umebeba ndoo, umesubiri gesi, ili ukamchemshie chai mtu mzima mwenye mikono miwili? Mimi napika kwa ajili ya mshahara, na hata mimi hakuna mzungu aliyewahi kuniambia vikombe vyake nitavivunja. Mikono ya wasichana! Na hiyo sukari anayoitia kwenye chai, muwa uliolimwa na nani? Mama zetu wanapanda kihamba kizima cha migomba na kahawa kwa mikono hiyo hiyo, wanabeba majani ya ng'ombe kutoka huko huko tambarare mpaka juu, hakuna kilichovunjika isipokuwa migongo yao. Viongozi kila siku wanasema redioni kwamba wote ni sawa. Au redio ya Bwana Komba haina betri?

Nimeandika haya nimepunguza. Yaliyobaki hayafai kupita posta.

Lakini neno langu ni neno. Umesema nisije, siji. Tena mwisho wa mwezi na mwanzo wa ule mwingine nitakuwa mlimani na Waswidi, wamenitaka mimi kwa jina. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote.

Mjomba wako mtulivu,
Evaristo


Kiwandani, 9 Septemba 1973

Mjomba, shikamoo. Waswidi hawajambo?

Nauliza kwa sababu Jumamosi ya juma lililopita, jioni, kantini ya kiwanda ikiwa imejaa, alikuja mtu mfupi mwenye koti la mpishi na kofia ya sufu katika joto hili. Alimwita Bwana Komba mbele ya watu wake, akamwambia kwamba mkewe hana birika ndiyo maana anatafuta wachemsha chai chuoni, na mengine ambayo dada wa Kigoma amenisimulia mpaka usingizi ukamchukua yeye na kuniacha mimi. Mwishoni akasema, "Utaniona," akaondoka.

Jumapili Bwana Komba anarudi kutoka misani na familia yake, anakuta jani refu limefungwa fundo, limechomekwa kwenye komeo la mlango wake, na chini kibuyu cha pombe ya mbege. Hakuna mtu.

Mimi nilipoliona nilijua. Nilijua hata mkono uliofunga. Ulipopoa ukaona aibu, ukataka kuomba radhi kama tunavyoomba kwetu. Lakini Bwana Komba si wa kwetu. Jana yake ameambiwa utaniona, leo anakuta jani lenye fundo mlangoni. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mkewe akaimwaga mbege uani. Kuku wakainywa, wakalala chali. Mtaa mzima ukasema sumu.

Nilimweleza mbele ya balozi wa nyumba kumi. Nilisema hii ni isale, aliyekosa humpa aliyemkosea, na anayepewa hawezi kukataa kusamehe. Bwana Komba akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na la kuua mnalifungaje?" Kuku walipoamka jioni nilifikiri yamekwisha. Akasema wamefufuka, ndiyo vibaya zaidi.

Sasa hanywi chai yangu. Hakuna anayekunywa. Akasema nipewe kazi isiyoingia mdomoni mwa mtu, na humo ndani kazi ya namna hiyo ni moja tu. Nimewekwa kwenye mtambo.

Usicheke. Najua unacheka. Ananiita "dada Dafroza", anasimama karibu na mlango, anasaini kila ninachoandika bila kukisoma. Nikiandika kwamba miwa yetu ina utamu wa chumvi atasaini. Desemba ataniandikia nimefaulu kwa sababu anaogopa kufa. Sitaki, Mjomba. Njoo umpe isale mkononi, umweleze mwenyewe.

Dafroza


Marangu, 20 Septemba 1973

Mpwa wangu,

Wale Waswidi walikuwa wachache, ndiyo maana nilipata nafasi.

Nilicheka, sikufichi. Nilicheka habari ya kuku mpaka mama yako akauliza kuna nini, nikamwambia ni mambo ya siasa. Lakini nilipomaliza kucheka nilikasirika upya. Isale iitwe uchawi? Jani ambalo babu yako alipelekewa na watu waliomwibia mfereji wa maji, akalipokea, na mpaka leo tunaoana nao? Mtu amekuja kwenye mlima wa watu, anakula ndizi za watu, hajauliza hata siku moja hao watu wanaombanaje radhi. Na huyo ndiye mwenye elimu.

Sasa sikiliza akili ya mtu aliyetembea. Mimi nimefika Voi, nimefika Mombasa, Holili nimepita mara nyingi kuliko afisa forodha, na kote nilikopita nimeona mdogo akimwogopa mkubwa. Mara moja tu, mara moja tangu dunia iumbwe, mkubwa anamwogopa mdogo, tena msichana, na wewe unataka niende nikaiharibu? Ulitaka mtambo, umepata mtambo. Acha aogope mpaka Desemba. Akishasaini, mimi mwenyewe nitakwenda na pipa zima la mbege, nitamweleza kila kitu, tutacheka wote na kuku wake.

Msimamizi wa gesi alikuonea ukanyamaza. Huyu anakuonea woga unapiga kelele. Elimu hii mimi siielewi.

Evaristo


Kiwandani, 28 Septemba 1973

Mjomba, shikamoo. Siandiki salamu ndefu kwa kuwa nina hasira.

Jana Basili amesema kantini kwamba mimi nimepewa mtambo kwa uganga. Hakuna aliyembishia.

Niliposubiri ile gesi nimesimama, sikuwa nasubiri nije niambiwe nimefaulu kwa jani. Bwana Komba aliposema siwezi nilikuwa na kitu cha kumwonyesha. Akisema naweza kwa sababu anaogopa, nitamwonyesha nini? Nitakwenda kiwanda kingine na cheti chake mkononi, na kila nikipima nitajiuliza kama najua au naogopwa.

Usipokuja kabla Oktoba haijaisha nitafunga sanduku langu kabla hajaandika neno lolote. Nitarudi nyumbani kupogolea kahawa na kumchunga ndama.

Mama nimemwandikia pia. Nimemweleza yote.

Dafroza


Marangu, 21 Oktoba 1973

Dafroza, mwana wa dada yangu,

Kwanza kabisa, kumwandikia mama yako haikuwa haki. Vita vina sheria zake.

Alisoma barua yako, akaikunja, akaniuliza, "Evaristo, nani alikufundisha kuacha isale mlangoni kama mwizi anayerudisha kuku? Isale inatoka mkononi inaingia mkononi, na uso unaonekana. Wewe uliogopa." Nikamwambia sikuogopa, nilikuwa nawahi basi. Akasema kesho tunakwenda. Nikasema desturi inataka mzee wa kuongozana naye. Akasema mzee ni yeye.

Tulishuka na Aminieli. Wewe ulikuwa zamu, na mama yako akakataza usiitwe, akasema hili si lako. Bwana Komba alifungua mlango nusu, mkewe nyuma yake ameshika mwiko. Mimi nikazungumza kwa ufasaha, kama balozi wa nchi. Nikamwambia ndugu yangu, nilikutukana mbele ya watu wako, maneno yalikuwa na sababu lakini mdomo haukuwa na adabu, hili ndilo jani letu na hii ndiyo maana yake. Mbege tukainywa sisi kwanza ili aone. Mama yako akachomeka na shina zima la isale kwenye kona ya uzio wake, akamwambia likishika utajua tulikuja kwa amani, mchawi hapandi kitu.

Akatazama lile jani muda mrefu. Akauliza, "Hata mtu wa Songea anaweza kumpa mtu jani hili?" Nikamwambia jani halina kadi ya kabila. Akalipokea. Kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya, lakini alilipokea.

Halafu, sikia dharau, badala ya kusema karibuni ndani, akamwambia mama yako, "Binti yako anaandika saba kama moja. Nimeona tangu Septemba, nilikuwa sisemi." Nilitaka kurudi upya kwenye yale ya kantini. Mama yako akanikanyaga mguu. Njia nzima ya kurudi alikuwa anatabasamu peke yake, na mimi mpaka leo sijui kilichomfurahisha ni nini.

Umeridhika? Sasa haogopi tena. Akikurudisha kwenye birika usinilaumu.

Evaristo


Kiwandani, 16 Desemba 1973

Mjomba mpendwa, shikamoo. Mpe mama shikamoo yake peke yake. Nitakuja nyumbani Krismasi, nichagulie ndizi za mtori, na Kemia afungwe mbali na nguo zangu.

Aminieli ameniambia kwamba aliyezungumza ni mama, na aliyekunywa mbege kwanza ni mama, na kwamba balozi wa nchi alitoka nyuma ya lori baada ya mwiko kuwekwa chini. Sibishani. Ulikuja.

Ulisema kweli, alitaka kunirudisha kwenye birika. Jumatatu baada ya ninyi kuja Bwana Komba aliingia, akakaa, akasema, "Dafroza, chai." Si dada Dafroza tena. Nilikuwa na chupa za maji ya miwa mbele yangu, na Basili anangoja nimpishe. Nikasema, "Bwana Komba, chai sikuisomea. Nina vipimo vya saa nne." Akasema, "Nitakuandika." Nikasema, "Niandike ninavyofanya kazi."

Tangu siku hiyo hakuniambia neno. Kila chupa niliyopima aliipima tena mwenyewe, mgongo umenigeukia, majuma na majuma. Alipata kosa moja akalisoma kwa sauti maabara nzima isikie. Alikuwa sahihi. Nikaanza kukata mkia wa saba kwa kistari ili isisomeke moja. Akatafuta lingine. Nilikuwa naenda kulala nikipima, naamka nikipima, na tathmini haijaandikwa, na sanduku langu chini ya kitanda nimelipanga nusu.

Juzi nimeingia asubuhi, kwenye meza yangu kuna karatasi mbili. Ya kwanza tathmini. Nakunakilia kama ilivyo: "Anajibu wakubwa. Alikosea kipimo kimoja mwezi Novemba. Vipimo vyake vingine nimevirudia vyote na ninaviamini. Kazi anaiweza." Ya pili haikuwa na maandishi, ilikuwa imefunika kitu. Nikaifunua. Jani la isale, kutoka kwenye lile shina la mama, limefungwa fundo baya kuliko yote niliyowahi kuona, kama kamba ya kiatu cha mtoto.

Bwana Komba alikuwa amesimama pale jikoni, mgongo umenigeukia kama kawaida yake.

Nikalichukua nikampelekea. Nikamwambia, "Bwana Komba, haliachwi mezani. Mjomba wangu alikosea hivyo hivyo tukahangaika sote. Linatoka mkononi linaingia mkononi, na uso unaonekana."

Akageuka, akalipokea kwangu, akanipa. Vidole vyake vilikuwa vimegandwa na majani ya chai, maana asubuhi hiyo alikuwa anaichemsha mwenyewe.

Mpwa wako,
Dafroza